Kitanda Kisitoke

Kabla hajafunga kitu chochote kwa utepe wake mwekundu, tarishi alikuwa akikisalimia. Haikuwa salamu ya maneno mengi. Aliweka kiganja juu ya kitu chenyewe, kiwe cherehani, kiwe baiskeli, kiwe gunia la mpunga, akatulia kidogo kama mtu anayepima homa ya mtoto, halafu akasema, "Haya, pumzika." Ndipo alipotoa utepe mfukoni, akauzungusha, akapiga fundo, akawasha kibiriti na kudondosha lakiri, ile nta nyekundu inayoganda upesi, kisha akaigonga kwa muhuri wa mahakama. Harufu ya lakiri naipenda mpaka leo. Wako watu wa Tabora ambao ikiwafika puani tu hufunga milango, maana kwao ni harufu ya mashaka. Mimi hunikumbusha harusi.

Sijui alizaliwa wapi hasa huko pwani, wala sikuwahi kumsikia akitaja jina la baba yake. Nilijua tu kwamba ni Mzaramo, kwamba alikuja kwa treni akiwa kijana, na kwamba kazi yake mahakamani ilikuwa kupeleka amri za zuio. Kwa asiyejua, mambo yalikuwa hivi: mtu akishukiwa kuwa ameiba, na kwamba vitu alivyonavyo vimetokana na wizi huo, mahakama haimsubiri aviuze. Inatoa amri kwamba visiuzwe, visigawiwe, visihamishwe, mpaka kesi iishe na ijulikane ni vya nani. Miaka ile ya Ujamaa kesi za namna hiyo hazikukosekana. Palikuwa na maghala ya ushirika, palikuwa na maduka ya vijiji, na palikuwa na watu wenye mikono mirefu. Tarishi alifika na baiskeli yake, karatasi ya hakimu na utepe.

Wengi walimwona mnyang'anyi mwenye sare. Yeye neno hilo lilimkera kuliko tusi la mama. Alikuwa na maelezo yake, na aliyatoa kila nyumba kwa sauti ile ile ya upole.

"Sinyang'anyi mimi. Mali yako haijafa wala haijachukuliwa. Imelazwa tu. Ukitaka kuitazama, itazame. Ila usiitoe wodini mpaka daktari aseme."

Daktari wake alikuwa hakimu. Na kwa kuwa mali zilikuwa wagonjwa, yeye alizipitia kuzijulia hali, jambo ambalo hakuna aliyemtuma na hakuna aliyemlipa. Utamkuta uani kwa watu anatia mafuta cherehani iliyofungwa utepe. Utamkuta anajaza upepo magurudumu ya baiskeli isiyoruhusiwa kwenda popote. Saa ya ukutani ya mshukiwa mmoja aliitia ufunguo muda wote wa kesi, na mwenye saa alipoachiwa huru aliikuta inakwenda sawasawa, akalia. Ukimuuliza tarishi kwa nini anajisumbua, anakwambia mahakama imesema visihamishwe, haikusema vioze.

Dukani kwa Mhindi mmoja, karibu na soko, alifunga chumba cha nyuma kilichojaa khanga na vitenge. Lakini ndani ya chumba hicho ndimo mama mzazi wa mwenye duka alimokuwa na mahali pake pa ibada, picha ya mungu wake na taa ndogo ya mafuta ambayo aliiwasha kila asubuhi. Mama yule hakujua Kiswahili kingi. Alikaa tu mlangoni, akawa anautazama utepe. Tarishi akarudi kwa hakimu kuomba, akaruhusiwa, na tangu siku hiyo akawa anafika asubuhi kabla ya kazi kumfungulia. Huyu mtu alikuwa Mwislamu wa sala zote, lakini alivua viatu, akasimama kizingitini na kofia mkononi mpaka mama akamaliza, kisha akafunga upya. Watu walipomsema, alijibu kwamba mgonjwa ana wageni wake. Mama alimpa vitu vitamu vya unga wa dengu na sukari, naye alivitia mfuko ule ule wa lakiri, akavigawa kwetu watoto wa mtaa. Vilikuwa vitamu vyenye ladha ya mshumaa, na tulivigombania.

Nisije nikamfanya malaika. Tarishi alikuwa mwoga wa ng'ombe, mwoga kabisa, na kazi ilimpeleka mara nyingi upande wa Nzega, ambako utajiri wa mtu unatembea kwa miguu minne. Ng'ombe wa mshukiwa mmoja aliwafunga utepe kwenye pembe akiwa amesimama nyuma ya ua wa miiba, mkono mmoja tu ndani, na wachungaji wakimcheka kwa Kisukuma. Mmoja wa ng'ombe hao akazaa. Sasa amri iliwataja wakubwa, ndama hakuwamo. Tarishi akapanda lori mpaka mjini, akaingia mahakamani na vumbi lake, akasema, "Mheshimiwa, mgonjwa mmoja amejifungua." Nasikia hakimu alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji. Ndama akaongezwa kwenye amri. Tarishi akarudi kumfunga utepe, akageuka kuandika, na mama mtu akamlamba mwanawe vizuri, utepe, fundo, lakiri na muhuri vyote vikaenda tumboni. Hadithi hii alikuwa akiisimulia mwenyewe, na kila mara alipofika hapo alishika tumbo lake kama ndiye aliyekula.

Kitu kingine kilichonishangaza ni nyumba yake, kule Itetemia. Huyu mtu aliyehakikisha kijiko cha mshukiwa hakitoki jikoni, vya kwake mwenyewe vilitoka siku zote. Viti vyake vilikuwa msibani kwa jirani na havikurudi. Sufuria lake kubwa lilikuwa kwenye ngoma ya unyago ya mwaka ambao hata yeye alishausahau. Yeye mwenyewe alikalia mzinga wa nyuki wa zamani uliolazwa ukutani, gogo lisilo na nyuki wala asali. Nilipomuuliza kwa nini asidai vitu vyake, alinitazama kama nimeuliza kitu cha ajabu. "Vya kwangu havina amri, mjukuu," alisema.

Basi, na sisi zamu yetu ikafika.

Nyumbani tulikuwa watatu, Bibi, dada yangu na mimi. Baba na mama walikuwa wamehamia kijiji cha ujamaa upande wa Puge, sisi tukaachwa mjini na Bibi tusome, na tulipomaliza darasa la saba tukabaki hapo hapo, dada akishona, mimi nikiota ndoto. Nilikuwa na ndoto nyingi. Kubwa kuliko zote ilikuwa kupanda treni mpaka mwisho wa reli nikaione bahari ambayo tarishi alisema ina sauti kama mtu anayepepeta mchele. Baba mdogo, mtoto wa mwisho wa Bibi, alikuwa karani wa ghala la ushirika huko Nzega, na kila mwisho wa mwezi alirudi na kitu: mabati, redio, baiskeli mpya. Tulifurahi. Wakati watu wanapanga foleni ya sukari, sisi tulikuwa na redio. Bibi peke yake ndiye aliyekuwa haiwashi.

Wakati huo dada alikuwa ameposwa na kijana wa karakana ya reli. Harusi ilikuwa Ijumaa iliyokuwa inakuja. Mtaani kwetu bibi harusi hutoka kwao na kitanda chake, na kitanda cha dada kilikuwa tayari, cha mninga, kimechongwa maua ya mviringo kichwani na fundi mmoja Mmanyema ambaye Bibi alimlipa kwa asali, madebe na madebe ya asali kutoka kwenye mizinga aliyoachiwa na marehemu babu. Kitanda kilisimama chumbani kikinukia mbao mpya. Nilikuwa naingia kukigusa tu.

Jumatatu ya wiki ile ile baba mdogo akakamatwa. Jumanne tukasikia kengele ya baiskeli.

Niseme kwanza kwamba Bibi ni Mnyamwezi na tarishi Mzaramo, na hao ni watani tangu enzi za misafara, wakati babu zetu walipokuwa wakibeba pembe na shaba kwa miguu kutoka huku mpaka pwani na kulala kwenye vijiji vyao. Mtani humwambia mwenzake lolote, na aliyeambiwa hana haki ya kununa. Kwa hiyo Bibi alipomwona mlangoni, aliweka mikono kiunoni.

"Wewe Mzaramo, kwenu samaki wameisha mpaka uje huku kuvua vitanda vya watu?"

Tarishi akavua kofia. "Babu zako, mtani, walibeba pembe za watu mwendo wa miezi mpaka kwetu, zikafika zote, hata ushanga haukupungua. Huyu mwanao kaanzia wapi?"

Bibi akacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza, na kicheko kikawa kirefu mno, na ndipo tulipoona kwamba kimegeuka kilio. Tarishi hakusema pole. Alikaa chini, kwenye vumbi, na sare yake, akangoja. Bibi alipojifuta, yeye mwenyewe ndiye aliyemwongoza ndani na kumwonyesha redio ilipo.

Amri ilikuwa fupi. Vitu vyote vya nyumba ya kwao mshukiwa visitoke mpaka kesi iishe. Tarishi alipita chumba hadi chumba na kiganja chake: redio, pumzika, baiskeli, pumzika, mabati uani, pumzika. Alipofika chumbani kwa dada alisimama. Dada alikuwa amekaa kwenye kitanda, amekishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeko juu ya lori. Tarishi akauliza ni cha nani. Bibi akamweleza habari za fundi na asali. Tarishi akasema anaamini kila neno, lakini yeye si wa kuamini, hayo atayasema fundi mbele ya hakimu siku ya ushahidi, na siku hiyo haijulikani. Kwa sasa kimo ndani ya nyumba. Akaufunga utepe kwenye mguu wa nyuma, chini kabisa upande wa ukutani, mahali ambapo bibi harusi hawezi kuuona akilala. Vidole vyake vilikuwa vizito siku ile. Lakiri ilimdondokea kidoleni, akaiacha igandie hapo hapo.

Habari haikuchelewa. Jioni mama wa bwana harusi alifika, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kupanga watu foleni. Alisema hana neno na msichana, lakini mwanawe hawezi kuoa mke asiyetoka kwao na kitanda, watu watasema amemwokota, na kama kitanda hakitoki basi Ijumaa iahirishwe, na kama kesi ni ndefu basi tuambiane ukweli. Dada alikuwa nyuma ya pazia. Sikumsikia akilia. Nilisikia tu mkono wake ukipita kwenye yale maua ya mninga, unakwenda na kurudi.

Tarishi alikuwa bado yupo, anafunga mabati ya mwisho uani. Bibi akamgeukia, na hasira yote ya siku akaitia ndani ya utani.

"Haya, Mzaramo, furahi. Nenda kamwambie hakimu wako, kama kitanda hakitoki, basi atuletee bwana harusi humu ndani."

Mama mkwe mtarajiwa akaguna. Mimi nikacheka, maana ndivyo utani unavyotakiwa. Tarishi hakucheka. Alimtazama Bibi, akatazama mlango wa chumba cha dada, akavaa kofia na kupanda baiskeli. Alikanyaga pedali kuelekea mjini kama mtu anayekimbiza treni.

Kesho yake asubuhi alirudi. Hakimu alikuwa amemuuliza kama anatania, naye akajibu kwamba ni utani ndiyo, lakini wa Mnyamwezi, na hao huwa wanamaanisha.

"Amesema amri inazuia vitu kutoka," tarishi alituambia. "Haizuii mtu kuingia. Bwana harusi aje afanye fungate hapa hapa, kwenye kitanda hiki hiki. Fungate nyumbani kwa mke hakuianzisha yeye wala mimi, ni desturi."

"Fungate ni siku saba," mama wa bwana harusi, aliyekuwa amerudi kusikia jibu, akasema.

"Ndiyo, mama. Na hii nayo itakuwa siku saba. Ila siku zenyewe zitahesabiwa na mahakama."

Sijui ni nini kilichomlainisha. Nafikiri ni kuona kwamba jina la hakimu limetajwa kwenye harusi ya mwanawe, na hiyo si aibu, ni sifa. Ijumaa ikafika, ndoa ikafungwa, vigelegele vikapigwa, na bwana harusi, kijana wa watu mwenye grisi kwenye kucha, akaletwa kwa ngoma za dufu mpaka mlangoni kwetu na kisanduku chake cha nguo. Tarishi alikula pilau barazani. Alitoka mapema, asije akaonekana kama amekuja kikazi.

Fungate ile, jamani, ilikwenda miezi na miezi. Karakana nzima ya reli ilimwita shemeji yangu Bwana Fungate. Yeye hakujali. Alitengeneza mlango wetu, akajenga jiko jipya, na jioni alikuwa akimsomea Bibi gazeti, naye Bibi akimkatiza kila aya kubishana na habari. Tarishi alipita kila wiki kumjulia hali mgonjwa. Alikohoa tangu kwenye kona ya mtaa, akakohoa barazani, akakohoa ukumbini, ndipo akabisha hodi. Hakuingia chumbani. Alisimama mlangoni akauliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Dada, huku amefunika uso kwa khanga, akajibu anaendelea vizuri. Baadaye kukawa na mtoto kitandani, na tarishi akaenda kwa hakimu kuuliza kama huyu naye aongezwe kwenye amri. Hilo alilitunga, najua, lakini alilisimulia mjini pote.

Kesi ilipokwisha, tarishi alikuwa amestaafu. Fundi Mmanyema alisema habari zake za asali, akaaminiwa, na kitanda kikaachiwa. Redio haikurudi, wala mabati, wala baiskeli. Havikuwa vyetu, na Bibi alisema nyumba imekuwa nyepesi. Baba mdogo alifungwa, akatoka baadaye akiwa mpole, sasa analima huko Puge na wazazi wangu. Tarishi mpya, kijana wa suruali pana, alisoma karatasi barazani, akatuita ndugu, akasema utepe tuukate wenyewe, akaondoka.

Dada alikataa. Alisema aliyefunga ndiye afungue, vingine ni kukosa adabu. Tuliona ni heshima, tukauacha. Mvua zikaja zikaenda, na utepe upo, na kwa kuwa utepe upo kitanda hakitoki, na kwa kuwa kitanda hakitoki wao wapo. Macho ya Bibi yalikuwa yameanza kuzima. Alitembea kwa kugusa kuta, akijifanya anakagua chokaa. Hakumwomba dada abaki. Aliuliza tu, kila asubuhi, kama mtoto ameamka.

Mama mkwe ndiye aliyechoka. Alikuwa ametayarisha chumba nyumbani kwake, upande wa pili wa reli, na alinituma mimi Itetemia nikamlete tarishi wetu wa zamani aje akate utepe.

Nilimkuta juu ya mzinga wake, amekuwa mdogo ndani ya shati. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akauliza habari za mgonjwa kabla ya habari za watu. Nikamweleza utepe bado upo, na nani kanituma. Alishtuka kidogo, kama mtu aliyeacha jiko linawaka. Njiani nilimkokotea baiskeli naye akitembea pembeni, nikamweleza na habari za Bibi na kuta zake. Mara moja tu aliniuliza kama Bibi bado anabishana na gazeti. Nikasema ndiyo, siku hizi anabishana nalo kwa sauti zaidi.

Nyumbani walikuwa wamekaa wote. Bibi aligeuza uso kuelekea kwenye kikohozi.

"Mzaramo, hujafa tu?"

"Nilikungoja wewe utangulie, mtani, ukanipangie mahali."

Mama mkwe akatoa mkasi. Tarishi akaingia chumbani, safari hii akaingia hasa, akapiga magoti upande wa ukutani. Lakiri ilikuwa imepasuka nusu na utepe umepauka, lakini fundo lilikuwa lake. Akaweka kiganja kwenye mguu wa kitanda, akatulia, kama zamani. Dada alisimama mlangoni na mtoto kiunoni, na nilimwona ameshika fremu ya mlango kwa nguvu, vile vile alivyokishika kitanda siku ile ya Jumanne.

Tarishi akaurudisha mkasi kwa mama mkwe, kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mama. Mimi nimestaafu. Mkono huu sasa ni wa mtu wa kawaida tu, na mtu wa kawaida haruhusiwi kugusa muhuri wa mahakama."

Mama mkwe alimtazama muda mrefu. Akamtazama Bibi, ambaye alikuwa amenyamaza kabisa, kitu ambacho hakijapata kutokea. Halafu akaketi kwenye mkeka, akavuta kikombe cha chai, akasema sheria ni sheria, na kama ni hivyo yeye ndiye atakayekuja kumwona mjukuu wake huku, na aje akute vitumbua.

Tukahamia wote kwenye chai. Mimi nilibaki nyuma kuchukua taa, ndipo nikamwona tarishi anainama tena kando ya kitanda, kama mtu aliyedondosha kitu. Kwa mkono ule ule wa mtu wa kawaida aliukaza utepe uliokuwa umelegea, akapiga fundo la pili juu ya lile la kwanza.